Cheti cha Neno Moja

Usiku wa kuamkia leo niliota sebule yangu imejaa watu na wote wamekuja kunisikiliza mimi. Mpaka hapo haikuwa ndoto, ulikuwa ni mpango. Leo Jumapili, saa nne asubuhi, wanawake kumi na wanne wa hapa Magomeni wanakuja kwangu kufundishwa utangulizi wa Kikantoni, kinavyoandikwa na kinavyotamkwa, na mwalimu ndiye mimi, Mwajabu wa mapazia.

Niseme ukweli, maana mmeshaanza kuniangalia. Guangzhou, kule China kinakosemwa hicho Kikantoni, nilikaa siku tisa. Siku saba nilikuwa soko la mapazia, mimi na muuzaji tunapokezana kalkuleta bila kusema neno. Siku mbili niliumwa tumbo. Nikarudi nyumbani na neno moja, la kuhesabia kumi, ambalo mimi nalitamka sapu, na kwa neno hilo nimekula heshima ya mtaa mwaka mzima. Mtu akipita na kiatu kipya, namwambia sapu. Mtoto akizaliwa, sapu. Hakuna aliyebisha kwa sababu hakuna aliyejua.

Kisha Havijawa karudi. Havijawa kakaa kule miaka minne, na kakaa kweli, si kukaa kwa kupigia picha. Na mimi, kwa mdomo wangu huu, ndiye niliyetangaza kwamba miaka yote minne alikuwa anaosha vyombo vya watu hotelini. Hakika sikuwa nayo, ila habari ilikuwa imekaa vizuri mdomoni. Ikamfikia. Ijumaa akanitumia ujumbe wa maneno matatu: Nitakaa mbele, shoga.

Mjue tu kilichokuwa kinanichoma. Mimi nyumba yangu haijawahi kuwa tupu. Watu wanaingia bila hodi, wanakula, wanasema, wanasemwa, wanaondoka, wanarudi. Wakinicheka leo, kesho hawaji. Na mwanamke kama mimi akikosa wageni anakuwa kabati tu, lipo pembeni, linashika vumbi. Nililala na hilo.

Basi kwenye ndoto wameshakaa. Havijawa yuko mbele na daftari, goti juu ya goti. Rafiki yangu Chausiku yuko mlangoni kama bawabu, maana hata ndotoni anapenda kuona nani kaingia na kavaa nini. Nasimama, nakohoa kidogo, nasema, "Sapu."

Ile u ya mwisho inadondoka.

Inadondoka kutoka mdomoni, inagonga mkeka, inasimama kwa miguu miwili kama kifaranga, inakimbilia mlangoni. Mama mmoja wa nyuma anainuka, anafunga kanga yake vizuri, anaifuata. Nasikia geti langu la chuma linabamiza.

Hakuna aliyeshangaa. Nikasema tena, sapu, na u nyingine ikatoka, na mgeni mwingine akatoka nayo, na geti likabamiza. Chausiku akaniambia kwa sauti ya mtu anayetangaza bei ya nyanya kwamba ndivyo itakavyokuwa leo, kila u itakayotoka itaondoka na mtu wake, kwa hiyo nijipime. Wamebaki kumi na wawili.

Havijawa akaandika kitu kwenye daftari. Kisha akauliza, kama anayeomba chumvi, "Cheti chako kiko wapi, mwalimu?"

Nikamwambia kiko jikoni. Kwangu vitu vyote ambavyo havipo huwa viko jikoni. Nikafungua mlango wa jikoni, na jikoni hapakuwa na jikoni. Palikuwa na ngazi.

Ngazi yenyewe ilikuwa ya vidato sita, imesimama peke yake, haiendi popote. Ikaniambia nivue viatu. Nikavua. Ikasema karibu kwenye matamshi.

Ilikuwa ngazi ya kuongea sana, nikaipenda. Ikanieleza kwamba Kikantoni hakisemwi mahali pamoja, kinasemwa kwa kupanda na kushuka. Kidato cha kwanza ni sauti ya juu iliyonyooka, kama mtu anayemwita jirani kwa dirishani. Cha pili kinapanda kama mtu anayeuliza nani kasema hivyo. Cha tatu ni cha katikati, cha mtu ambaye habari haimhusu. Cha nne kinashuka mpaka chini, kama mtu aliyeambiwa inamhusu. Cha tano kinaanza chini na kujikongoja kupanda. Cha sita kinakaa chini na kutulia, kama mtu aliyekwishakubali yote.

Nikaona kidato cha kwanza kiko juu kabisa na cha sita kiko karibu na sakafu, na vya katikati vimechanganyikana, cha tano juu ya cha nne, cha tatu kimejibana kwingine. Nikauliza nani alivihesabu hivi.

"Waliohesabu hawapandi," Ngazi ikasema.

Nikaambiwa niseme neno langu. Sasa mimi tangu kuzaliwa sijui kuanza kwa chini. Nikisema habari za asubuhi, mtaa wa pili wanaitikia. Nikarukia kidato cha kwanza, nikasema sapu kwa sauti yangu ya kawaida, na maji yakanimwagikia kichwani ndoo nzima.

Ngazi ikanieleza bila haraka kwamba neno lile likisemwa kule juu maana yake ni kulowa, na hapa mambo hutokea kama yanavyosemwa. Kumi anakaa chini, kidato cha sita. Na u ndiyo hiyo, imeshatoka, inateremka kwa kurukaruka. Mbali, upande wa nyumbani, geti likabamiza.

Nikajaribu tena, mazoea yakanipandisha tena juu, nikalowa tena. Nikajaribu kidato cha nne, kikajikunja chini yangu kama boksi la karatasi, nikakaa kitako. Ngazi ikasema neno la kufunga mdomo, kama hili langu, halibebwi na kila kidato. Linabebwa na cha kwanza, cha tatu na cha sita, hivyo vingine haviliwezi. Nikasema hizo ni taratibu za ajabu. Ikaniuliza kama kwetu kila mtu anakaa kiti chochote kwenye harusi. Hapo nikaacha kubisha, maana harusi za kwetu nazijua, kuna kiti ambacho ukikikalia mpaka leo unasemwa.

Nikashuka kidato cha sita, nikatuliza sauti, nikasema sapu. Sikulowa. Ila u ikatoka.

"Funga mdomo kabla neno halijaisha," Ngazi ikaniambia.

"Nikifunga, litaishaje?"

"Litaishia ndani."

Nikafikiri sana. Kiswahili changu chote, toka nimejifunza kusema mama, kila neno linaisha mdomo uko wazi, na mgeni anaweza kuingia au kutoka. Mimi sijawahi kuwa na neno lililoishia ndani. Hata siri za watu nilizopewa, zilipita tu. Nikajaribu tena, nikafinya midomo, u ikapenya kwa pembeni kama mtoto wa shule kwenye uzio. Geti likabamiza mara ya tano toka nilipofika pale. Nyumbani wamebaki saba, na nilijua kwa mlio wa lile la mwisho kwamba aliyetoka ni Chausiku, maana yeye hufunga kwa teke. Baadaye nikasikia sauti yake kwa mbali akisema kaacha maharage jikoni. Kwake huwa hawapiki maharage.

Nikaiuliza Ngazi cheti kinapatikana wapi. Ikasema wao hutoa matamshi tu, vyeti ni ofisi nyingine, nishuke. Nikaiambia nimeshafika chini. Ikasema nishuke.

Nikashuka, nikatokea kwenye kibaraza.

Jamani, kile kibaraza. Meza zimejaa, vikapu vya mianzi vinatoa mvuke, mabirika yanazunguka, na kelele utadhani wametoka kumtunza bibi harusi. Nilijiona nimefika kwetu. Waliokaa hawakuwa watu, walikuwa maandishi. Kila mmoja ana mwili wake wa mistari, mingine imelala, mingine imesimama, mingine imepindika kama mkono wa buli, na upande wa kushoto wa kila mwili kuna kimraba kidogo kitupu. Kimraba hicho ni mdomo. Na midomo yote ilikuwa inaongea kwa wakati mmoja.

Nikavutiwa kiti. Wawili wakajitambulisha. Mmoja anaitwa Ge, mnene kidogo, mistari mingi. Kazi yake ni kusema kitu ni cha nani. Mwenzake anaitwa Zo, mwembamba, mwepesi, na kazi yake ni kusema jambo limeshatokea.

Nikawaangalia wale wawili kwa mapenzi makubwa. Nani wa nani, na limeshatokea. Mimi maisha yangu yote ni hayo mawili.

Zo akanimiminia chai. Nikasema ahsante. Akaendelea kumimina. Nikasema ahsante sana dada, mikono miwili kifuani, na chai ikajaa, ikafurika kwenye kisahani, ikapita mezani, ikaanza kuingia kwenye viatu ambavyo nilikuwa sijavivaa. Ge akaniambia nigonge meza kwa vidole viwili, ndiyo ahsante ya pale, bila hivyo hatasikia. Nikakataa kwa adabu. Kwetu mgeni hagongi meza ya mwenyeji, ukigonga meza ya mtu ni kwamba umekuja kwa shari na ndugu zako wako nje. Chai ikafika magotini. Kwenye meza ya jirani andishi moja fupi lilikuwa limeanza kuelea. Nikagonga. Birika likasimama papo hapo, na Zo akaniambia mbona nilikuwa nanyamaza kitambo chote hicho.

Ndipo wakanihadithia kwa nini wanakaa nje. Nyuma ya kibaraza kuna mlango, na juu ya mlango kumeandikwa Ofisi ya Maandishi Safi. Humo ndani kuna maandishi yanayofanya kazi zilezile wanazofanya Ge na Zo, cha nani na limeshatokea, ila hayo yamevaa tai. Barua za serikali yanaandika hayo, mitihani yanaandika hayo, risala za misiba yanaandika hayo. Nyumbani kwa watu, jikoni, kitandani, sokoni, hakuna anayeyatamka. Kila mtu anasema Ge na Zo kuanzia asubuhi mpaka usiku, kisha akishika kalamu anajifanya hajawahi kuwaona. Vijana kwenye simu zao ndio wanawaita bila haya.

Nikauliza, mtu akimwandikia mama yake barua je? Ge akasema wengi humwandikia kwa maneno ambayo mama hajawahi kuyasema, mama anasoma, anaelewa, analia, na anajibu kwa maneno ambayo na yeye hajawahi kuyasema.

Nilitaka kucheka, nikamkumbuka mwalimu wetu wa darasa la tano, Mwalimu Kidawa. Ukimwambia fulani kanipiga alikuchapa, akisema hakuna kanipiga, kuna amenipiga. Sasa siku moja kaibiwa baiskeli, katoka nje mbio, shule nzima tukamsikia. "Kaniibia! Kaniibia huyo!" Kengele ya mapumziko ilipogongwa hakuna aliyetoka darasani, tulikuwa tunafurahi palepale.

Ge akasema wangeweza kuingia humo kama wangetaka. Sharti lake ni moja, uache mdomo mlangoni. Yeye akiondoa mdomo anakuwa neno zito la vitabuni, maana yake madhali, watu wanamwamkia. Zo akiondoa wake anakuwa upande wa kushoto. "Sasa mimi," akasema, "niache kujua nani wa nani, nikakae humo niwe madhali?"

Kisha akainama kwangu, akashusha sauti, akanipa habari.

Ilimhusu mkuu wa ile ofisi, Muhuri. Ilihusu jikoni kwake, na ilihusu mfuniko wa sufuria. Zaidi ya hapo siandiki, mtaona kwa nini. Nilimuuliza Ge ni kweli kwake? Akasema kwake. Nikamgeukia Zo, akasema limeshatokea. Ilikuwa tamu habari ile, ilinishuka mwilini kama supu ya pweza. Nilitaka kurudi Magomeni palepale na miguu yangu mitupu.

Lakini cheti. Nikaingia ndani.

Ndani pamepoa. Maandishi yamepangwa mistari, hayaangaliani. Niliona machache yenye midomo, ila hayo yaliingia zamani sana kabla sheria haijakaza, na yamejifunika vitambaa kama wauguzi. Kwenye meza kubwa, juu ya mto wa hariri, amekaa Muhuri. Ni jiwe jekundu la mraba, kimo chake kama kinu. Mdomo hana. Akitaka kusema anaruka juu ya kidau cha wino, kisha anaruka juu ya karatasi, na wewe unasoma.

Akaruka. Karatasi ikasema: KETI.

Nikakaa. Akanipa fomu iliyokuwa imeshajazwa jina la mtu mwingine. Nikasema huyu si mimi. Akaruka: ITAREKEBISHWA. Akadai picha mbili ndogo, mdomo usionekane. Nikasema sina picha ya namna hiyo, hata picha ya uchumba wangu nilipigwa nikiwa nasema. Akaruka: UTALETA.

Mtihani wa kuandika ulikuwa kuandika kumi. Kumi ni mistari miwili tu, mmoja umelala na mmoja umesimama, kama msalaba. Pale mezani kulikuwa na Brashi, imesimama kwa kichwa chake, nywele chini, mzee wa heshima kidogo. Ikaniambia kilicholala kwanza, kilichosimama baadaye. Mimi nilikuwa nimeshaanza na kilichosimama. Kikakaa pale peke yake, hakina cha kushikilia, kikayumba, kikaanguka juu ya meza, kikavunjika vipande vitatu. Brashi ikaviangalia. Ikasema watu wengi hujenga mlango kabla ya ukuta, kisha ikafuta. Mara ya pili nikalaza kwanza, nikasimamisha baadaye. Kikasimama. Muhuri akaruka: INARIDHISHA.

Ukaja wa kutamka. Nikashuka kidato cha sita kwa akili tu, nikasema sapu. U ikashuka kwenye mguu wa meza, ikaenda. Nikasema tena, nikashindwa tena, na tena, na tena, kila mara naona nimefunga na kila mara kuna tundu. Nahesabu milio ya geti. Mara ya sita nikasikia geti linabamiza, kisha kimya, na kimya cha nyumbani kwangu mimi sijakizoea. Nikaona sebule yangu mbele yangu, ingawa nilikuwa ofisini. Mikeka mitupu, vikombe vimeachwa nusu. Kabaki mmoja tu, kiti cha mbele, goti juu ya goti.

Havijawa. Wengine wote wamekwenda, yeye kabaki na daftari lake. Sikujua kama anasubiri nifaulu au anasubiri kunizika.

Muhuri akaruka mara moja: UMEBAKIWA NA NAFASI MOJA. Akatafuta nafasi safi kwenye karatasi, akaruka tena. AU UANDIKE ULIYOAMBIWA HAPO NJE. NANI KASEMA NINI. CHETI UTAPEWA SASA HIVI.

Mlangoni walikuwa wameshasimama walinzi wawili, matambara mabichi mikononi, yanadondosha maji. Nikaelewa bila kuelezwa. Andishi likipitishwa tambara bichi halibaki. Ge angefutwa, na Zo angefutwa, na pale kibarazani kungebaki alama ya unyevu kwenye viti viwili. Cheti kilikuwa mezani, kizuri, kina ua pembeni, na Brashi ilikuwa imeshajichovya, inanisubiri, haiangalii upande wowote.

Sitawadanganya kwamba niliona haya. Nilihesabu. Habari ninayo, ni tamu, na mwenye kuitaka yuko mbele yangu na analipa kwa cheti. Mimi habari nimetoa kwa chini ya hapo. Ya Havijawa niliitoa kwa sahani ya visheti, na visheti vyenyewe vilikuwa vya juzi.

Nikaangalia dirishani. Kibaraza kizima kilikuwa kimegeuka kunitazama, vimraba vyote viko wazi, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyekuwa anasema. Ge alikuwa ameshika kikombe hakinywi. Alinipa habari ile kwa sababu aliniona na mimi nina mdomo kama wake.

Nikamwambia Muhuri nachagua kutamka.

Nashuka chini kabisa, kidato cha sita, pale pa mtu aliyekwishakubali yote. Nasema sa, na kabla haijaisha nafunga midomo.

U inafika mlangoni, inakuta pamefungwa. Inagonga meno kwa ndani. Nyuma yake naisikia habari ya Muhuri nayo imefika, na mfuniko wake wa sufuria, inasukuma. Nyuma ya hiyo zimejipanga nyingine, za mtaa mzima, ya mume wa nani kaonekana wapi, ya nani kanunua godoro kwa siri, zote zinasukumana zinataka kujua mbele kuna nini. Nafinya. Machozi yananitoka. Siachii.

Muhuri anangoja nimalize ili anihukumu. Lakini neno lile linaisha mdomo ukiwa umefungwa, na mimi nimefunga, kwa hiyo bado naendelea kutamka, na taratibu haziruhusu kumkatiza mtahiniwa anapotamka. Anaangalia saa. Walinzi wanabadilishana zamu, matambara yanakauka mikononi mwao. Msafishaji anapita, anafagia chini ya miguu yangu, ananiambia niinue, nainua. Jioni inafika. Ofisi ya Maandishi Safi haiwezi kufungwa mtu akiwa katikati ya neno, na maandishi yenye tai yanaanza kunong'ona kwamba yana watoto nyumbani, na yanaponong'ona nasikia yote yanasema Ge, yote yanasema Zo.

Muhuri anasikia pia. Anakuwa mwekundu zaidi, kama inawezekana. Anaruka juu ya wino, anaruka juu ya cheti, kwa nguvu, meza inapasuka. Nakisoma nikiwa nimefunga mdomo. Kimeandikwa: MWENYE CHETI HIKI ANAJUA NENO MOJA.

Geti la nyumbani halikubamiza.

Kibaraza kizima kikaingia ndani bila hodi, na midomo yao. Brashi ikakaa pembeni. Zo akaichukua ile karatasi yangu yenye kumi, akachovya kidole kwenye chai, na upande wa kushoto wa kumi akachora kimraba. Alichora taratibu ili nione. Kwanza ukuta wa kushoto. Kisha dari, na bila kuinua kidole akapinda kushuka ukuta wa kulia. Sakafu mwisho, kufunga. Akasema kumi akisimama na mdomo ubavuni mwake anaacha kuwa kumi, anakuwa jani, na jani wanalo hata humo ndani, liko kwenye vitabu vyao vyote, na mdomo wake wazi namna hiyo hakuna aliyewahi kulifukuza.

Muhuri hakuruka.

Ge akanisogelea, akaniambia sasa naweza kufungua, neno limekwisha. Nikafungua kidogo, nikitaka kumuuliza hilo jani la nini. Akalibandua kwenye karatasi kwa ncha za vidole, akaniwekea mdomoni, akanifunga midomo kwa mkono wake.

Nikaamka.

Nilikuwa chali, shingo imekakamaa, midomo imebana kama mkoba. Asubuhi imeshapanda, na Chausiku yuko mlangoni mwa chumba changu na kanga ya kichwani, ananisema. Saa tatu na nusu hii, alikuwa anasema, chapati zimeshaiva, vikombe havitoshi katuma kwa jirani, na Havijawa huyo kashafika, kajikalia mbele peke yake kama hakimu, hajagusa hata kashata. "Utamfanyaje, shoga? Mbona hunijibu?"

Nilitaka kumjibu. Ulimi ukagusa kitu.

Nikafungua, nikakitoa kwa vidole viwili. Lilikuwa jani la chai, zima, pana kama ukucha wa dole gumba, limefunguka, na vimeno vidogo pembezoni. Kwangu chai ni ile ya pakiti, ya vumbi, haijawahi kuonana na jani. Nikaliweka kiganjani. Lilikuwa bado la moto.

Chausiku akaja mpaka kitandani. Akaliangalia jani, akaniangalia mimi, akakaa, akavuta kanga kama mtu anayejiandaa kusikiliza. Ananijua toka tukiwa wasichana, na hajawahi kuniuliza kitu nikamwachia njaa. "Haya, lete," akasema. "Limetoka wapi?"

Sebuleni Havijawa akakohoa. Nilikuwa na neno la kumpa kabla ya lile la kumi, la radhi kwa vile vyombo vya hotelini, na hilo ni la Kiswahili na linataka mdomo wazi, mbele ya watu wote waliolisikia la kwanza. Nikajifunga kanga, nikainuka na jani langu kiganjani. Chausiku alikuwa bado anangoja.

Nikafunga midomo, na hakuna kilichodondoka.